Vifurushi vilivyokula kifurushi

Siku niliyoamua kuiondoa Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, kwenye kompyuta ya nyumbani, hakuna mtu aliyekuwa ameigusa. Ilikuwa Jumamosi ya Desemba 2023, shule zimefungwa, mke wangu kaenda sokoni, watoto wako nje. Nilijiunga bando asubuhi, nikaiacha simu ikiigawia kompyuta intaneti, nikaenda kuoga. Kutoka bafuni nakuta ujumbe: nimeshatumia robo tatu ya kifurushi changu. Nani kakitumia? Skrini ilikuwa imezima, mashine inanguruma tu chini ya meza kama jokofu la zamani.

Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex ya mtumba tuliyoinunua Kariakoo na kuipandisha mwendokasi hadi Kimara, mimi nimeipakata, watu wananitazama kana kwamba nimebeba jeneza la mtoto. Prosesa yake ni i5 ya kizazi cha tatu, RAM ni 4GB, diski ni ile ya kuzunguka, 500GB. Si mashine ya kujivunia, lakini ina kazi. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la kwanza na humo ndimo anamoandalia mazoezi na mitihani. Kijana wetu anacheza gemu na kudai anasoma. Mimi naandika barua za kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Nikaweka programu ndogo iitwayo vnstat, inayoandika data iliyopita saa kwa saa, nikaipa wiki. Jibu lilikuwa wazi: data nyingi ilikuwa inaondoka wakati hakuna aliyekaa kwenye kiti. Kuanzia toleo la 21.10, lililotoka Oktoba 2021, anayesakinisha Ubuntu hupewa Firefox kwa mtindo wa snap. Programu inakuja imefungwa pamoja na vikorombwezo vyake vyote, kisha mfumo unakwenda wenyewe kuangalia kama kuna toleo jipya, mara nne kwa siku, na ukilikuta unalipakua bila kugonga hodi. Kwa mtu anayelipia intaneti ya mwezi isiyo na kikomo, huo ni ukarimu. Kwa mtu wa bando la siku, ni mgeni anayefungua jokofu lako kila baada ya saa sita. Kiswahili kinatuchezea hapa, maana programu hizo nazo tunaziita vifurushi. Vifurushi vilikuwa vinakula kifurushi.

Niseme haki: snap haikuwa mkosaji peke yake. Masahihisho ya usalama ya mfumo nayo yalikuwa yanajipakua yenyewe. Isitoshe, miezi baadaye ndipo nilipojua kwamba amri moja, snap refresh --hold, ingeyasimamisha yale ya snap mpaka nitakaporuhusu mwenyewe. Yaani nilihama nyumba kwa sababu ya bomba linalovuja, kumbe koki ilikuwa nyuma ya mlango. Ila sijuti, kwa sababu lilikuwepo na suala la uzito. Kwenye diski ile ya kuzunguka, Firefox ilipofunguliwa kwa mara ya kwanza asubuhi, ungeweza kumenya kitunguu na kukikatakata kabla dirisha halijatokea.

Ndugu yangu wa Mbezi, ambaye mambo haya ameyaanza kabla yangu, alinishauri nichukue Linux Mint. Inajengwa juu ya Ubuntu, na tangu toleo la 20 la mwaka 2020 haiji na snap. "Chukua hiyo, kaka, usijitese." Kwa watu wengi ushauri ule ni sahihi, na leo mtu akiniuliza namwambia hivyo hivyo. Mimi nikaenda Debian kwa ubishi. Ubuntu, iliyotoa toleo lake la kwanza Oktoba 2004, imechipuka kutoka Debian, ambayo Ian Murdock aliianzisha mwaka 1993. Nikajisemea, kama ni kuhama, niende kwa mzazi. Tena kile kilichokuwa kikiwatisha watu zamani, kwamba unasakinisha Debian halafu Wi-Fi haiamki kwa kukosa programu ya kuiendesha, kilikuwa kimepatiwa dawa. Wanachama wa mradi walipiga kura mwaka 2022, na kuanzia Debian 12, ya Juni 2023, programu hizo zinakuja ndani ya faili la usakinishaji lenyewe.

Kabla ya kugusa chochote nilitaka nakala ya akiba. Nikashuka Kariakoo, nikanunua flashi ya 64GB kwa bei iliyotakiwa kunishtua, na haikunishtua. Nikanakili picha za familia na nyaraka za mke wangu, kama 20GB hivi. Zikaingia zote, hakuna kilicholalamika. Nilichofanya baada ya hapo sijui kilinijia vipi, maana mimi si mtu wa kuhakiki: nilifungua picha mojamoja kutoka kwenye flashi. Za mwanzo zilifunguka vizuri. Picha za ubatizo wa binti yangu zikawa na mistari ya kijivu nusu ya uso, na zilizofuata hazikufunguka kabisa. Kuna programu iitwayo f3 inayoijaza flashi kisha kusoma ilichoandika. Niliiendesha usiku kucha, asubuhi ikanieleza kwamba 64 yangu ilikuwa 8. Flashi za namna hiyo zimefundishwa kudanganya. Zikishajaa zinaendelea kupokea, ila kinachopokewa hakikai popote. Kama ningeitegemea ile, hadithi hii ningeisimulia kwa sauti nyingine. Nikaenda Mbezi kuazima diski ya nje.

Sasa usiku wenyewe. Nilichukua faili dogo la usakinishaji la Debian, lenye zaidi kidogo ya 600MB, nikalihakiki kwa kulinganisha namba zake na zile zilizotolewa na wenyewe, nikaliandika kwenye flashi ile ile tapeli. Kwa 600MB haikuwa na ubaya. Faili hilo ni dogo kwa sababu vitu vingine vyote huvifuata mtandaoni. Kwa hiyo nilijiunga bando la usiku, nikaichomeka simu kwa waya wa USB. Kisakinishi kiliiona simu kama waya wa kawaida wa mtandao, hakikuuliza zaidi.

Lugha ya Kiswahili haimo kwenye orodha yake. Nikachagua Kiingereza, nchi Tanzania, kikagoma kidogo: hakina utaratibu wa Kiingereza cha Tanzania, nichague cha nchi nyingine. Kiingereza cha Botswana kipo, cha Zambia kipo, cha Nigeria kipo. Nikachagua cha Afrika Kusini. Saa ikajiweka yenyewe ya Dar es Salaam.

Sehemu ya kugawa diski ndiyo iliyonitoa jasho. Bahati yangu, kijana aliyetuwekea Ubuntu zamani alikuwa ameitenga sehemu ya /home, yaani mafaili yetu yanakaa chumba chake, mfumo unakaa chumba chake. Nikakiambia kisakinishi kifute chumba cha mfumo, na kile cha /home kikipe jina tu bila kukisafisha. Nikasoma ule muhtasari wa mwisho mara tatu kama mtu anayesaini hati ya kiwanja. Nikabonyeza.

Vifurushi vikaanza kuteremka. Nilikuwa nimepiga hesabu ya bando vizuri kabisa. Ilipofika kama theluthi mbili, nyumba nzima ikazima. Nikatoka nje kuangalia: majirani wote wanawaka. Mke wangu akauliza kutoka chumbani, kwa upole ule wa mtu anayejua jibu, "Baba, ulinunua umeme?"

Sikununua. LUKU ilikuwa sifuri. Nikanunua uniti kwa simu, nikawa naingiza tarakimu ishirini kwenye mita huku mwanangu akinimulikia tochi na kunisomea nne nne kama mwalimu wa imla. Umeme ukarudi. Kompyuta ikawaka, ikaonyesha maneno grub rescue kwenye skrini nyeusi, ikatulia hapo. Maelezo yake ni rahisi ukishapoa: kile kipande cha kwanza kinachoiamsha mashine kilikuwa bado ni cha Ubuntu, na nyumba kiliyokuwa kinaitafuta nimeshaibomoa. Dawa ni kuanza upya kutoka kwenye flashi. Lakini saa sita ya usiku, na mwalimu amesimama nyuma yako na khanga, maelezo rahisi hayaji haraka. Nilirudia yote tangu mwanzo, bando likatosha kwa kubana, na saa tisa nikaona skrini ya kuingilia ya Xfce, ule muonekano mwepesi wa Linux. Nikalala na nguo.

Asubuhi nikataka kuongeza programu. Nikaandika sudo, ile amri ya kuomba ukuu wa mashine, kama nilivyozoea miaka yote, kompyuta ikanijibu kwamba simo kwenye orodha ya wenye ruhusa, na kwamba tukio hili limeripotiwa.

"Limeripotiwa kwa nani?" mke wangu akauliza. "Kwa mjumbe?"

Hapa kuna mtego ambao kila anayetoka Ubuntu huingia. Kisakinishi cha Debian kinakuomba nywila ya root, yule mkuu wa mashine. Ukiijaza, kinachukulia kwamba kazi za ukuu utazifanya kwa jina la root, na wewe unabaki raia wa kawaida. Ukiiacha wazi, ndipo kinakupa wewe sudo. Mimi nilijaza, kwa sababu mtu akikuta kisanduku anajaza. Kujiongeza kwenye kundi la sudo ni amri moja ya usermod, ila kwanza uwe root. Nikaandika su, nikaweka nywila, nikaandika usermod, ikaniambia amri hiyo haipo. Haipo vipi? Nusu saa nimekwama. Kumbe ni su na kistari: su - . Bila kile kistari unavaa kofia ya mkuu lakini unaendelea kupita njia zako za raia, na amri zile zinakaa njia ya mkuu. Kistari kimoja.

Kisha nikatengeneza akaunti za wengine, na hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho nisingekijua kama nisingehama. Kwenye Ubuntu akaunti ya kwanza ilikuwa yangu, ya pili mama, ya tatu dogo. Kwenye Debian nilianza na ya dogo, kwa sababu ndiye aliyekuwa amesimama begani kwangu akiniuliza gemu zake ziko wapi. Kompyuta ikatoa onyo kwamba folda la mtu huyu tayari lipo na wala si mali yake. Nikalipuuza. Nikatengeneza ya mama, onyo lile lile, nikalipuuza tena. Dogo akaweka nywila yake: skrini ikapepesa, ikarudi pale pale inapoomba nywila. Mama naye, hivyo hivyo. Wote wako nje ya mlango na funguo sahihi mkononi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba Linux haiandiki jina lako kwenye faili, inaandika namba yako. Akaunti ya kwanza ya mtu hupewa 1000, inayofuata 1001, kisha 1002. Mimi nilikuwa 1000 kule na nikawa 1000 huku, ndiyo maana sikuona tatizo. Lakini 1001 ya zamani alikuwa mama, na 1001 ya sasa ni dogo. Nilipoorodhesha mafolda nikaona kwa macho yangu: folda la mama mwenyewe ni dogo, folda la dogo mwenyewe ni mama. Kwa mujibu wa kompyuta, mtoto alikuwa amerithi mali za mama yake akiwa hai, tena bila kikao cha ukoo. Amri ya chown, ya kubadilisha mwenye faili, ikarudisha kila mtu kwao kwa sekunde chache. Dogo alisikitika kidogo, nadhani kwa ajili ya mitihani.

Nikiwa nahangaika na hilo, kwenye akaunti yangu nilikuwa nimeshaanza usafi. Niliona folda liitwalo snap, nikasema haya ndiyo makapi ya nyumba ya zamani, nikalifuta moja kwa moja bila hata kulipitisha kwenye pipa. Baadaye nikafungua Firefox mpya: nyeupe. Alamisho zangu zote hazipo, nywila hazipo. Firefox ya snap haiweki vitu vyake mahali pa kawaida, inaviweka ndani ya lile folda la snap. Nilikuwa nimechoma sanduku la nguo nikidhani ni boksi tupu. Na kwenye ile diski ya Mbezi? Nilinakili picha na nyaraka tu.

La mama lilisalimika kwa sababu moja tu: muda ule nilipokuwa nafuta, akaunti yake ilikuwa imefungwa na kosa langu la namba, sikuweza kwenda kumsaidia kusafisha. Kosa limeokoa kosa. Hata hivyo kulihamisha hakukuwa kunakili na kuondoka. Debian inakuja na Firefox ya ESR, ile inayokaa na toleo moja muda mrefu, na wakati ule ilikuwa ya 115, wakati ya Ubuntu ilishapita 120. Nilipomletea wasifu wake wa zamani, yaani folda linalotunza vitu vyake vya Firefox, ikakataa: haya yametumiwa na toleo jipya kuliko mimi, siyafungui. Nikatengeneza wasifu mpya, nikachukua kutoka wa zamani faili mbili, logins.json na key4.db, nywila zikarudi. Alamisho zilikuwa zimehifadhiwa kwenye folda la bookmarkbackups, nikazirejesha kwa menyu ya Firefox yenyewe. Aliketi akafungua tovuti zake kana kwamba hakuna lililotokea. Zangu mpaka leo nazikumbuka kidogo kidogo.

Printa ilisumbua siku moja, ikakubali.

Lililobaki ni la Januari, shule zilipofunguliwa. Mwalimu anaandika mazoezi ya darasa la kwanza kwa Comic Sans. Watu wa kubuni maandishi wanaicheka fonti hiyo, na mimi nilikuwa naicheka, mpaka aliponionyesha herufi a. Fonti nyingi zina ile a yenye kofia juu, ambayo mtoto hajawahi kufundishwa kuiandika. Ya Comic Sans ni duara na mkia, kama ile ya ubaoni. Kwa mtoto aliye kwenye KKK, anayejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, tofauti hiyo si mapambo. Sasa kwenye Debian fonti haikuwepo, LibreOffice, programu anayoandikia, ikaweka nyingine pana zaidi, zoezi la kurasa mbili likawa kurasa tatu. Zidisha kwa darasa zima uone karatasi zinavyokwenda.

Fonti hiyo huletwa na kifurushi kiitwacho ttf-mscorefonts-installer, lakini Debian inachambua vifurushi kwa leseni zake, na hicho kimewekwa kwenye chumba cha contrib, ambacho mlango wake hufungui mpaka uongeze neno hilo kwenye faili la sources.list. Mwanzoni niliona ni ushamba. Sasa naona ni kama duka linalobandika kwenye kila bidhaa ilikotoka.

Nilipokuwa huko huko nikakuta hunspell-sw, kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Miaka yote Kiswahili cha mwalimu kilikuwa kinapigiwa mistari myekundu ukurasa mzima, naye alishazoea, akidhani kompyuta ndivyo ilivyo. Na jambo hili si geni hapa mjini: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Watu wa Mlimani walishaihangaikia lugha hii kwenye Linux wakati mimi sijashika kipanya. Nilipoiweka kamusi ile, mistari myekundu ikapungua ikabaki michache. Mmoja ulikuwa ni kosa la kweli, kwenye swali la tatu. Sikusema kitu, alilirekebisha mwenyewe.

Bando sasa linaondoka tukiliondoa. Debian nayo husahihishwa, na Firefox yake huja mpya mara kwa mara, lakini kwangu inasubiri mpaka niandike apt, amri ya kuleta vifurushi, mwenyewe, na huwa naandika usiku, kwenye kifurushi cha usiku.

Agosti 2025 Debian 13 imetoka. Nimemwambia mke wangu, akasema haina shida, ila si kabla hajachapa mitihani ya muhula. Debian 12 itaendelea kupata masahihisho ya usalama hadi Juni 2028, kwa hiyo sina haraka. Ubavuni mwa kompyuta nimebandika karatasi: 1000 baba, 1001 mama, 1002 dogo. Chini yake, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, mwalimu ameongeza neno moja na kulipigia mstari mara mbili: LUKU.